Una Pesa, Huna cha Kulipia: Usiku wa Kwanza Ndani ya Taksi ya Guangzhou

Mita ilisimama kwenye yuani 118. Dereva akawasha taa ya ndani, akageuka, akatuonyesha simu yake. Kwenye kioo palikuwa na kimraba cha vidoa vyeusi na vyeupe, ule msimbo ambao Wachina wanautumia kulipia kila kitu, kuanzia nauli mpaka fungu la mchicha. Ilikuwa saa tano na robo usiku, mvua nyepesi ya Aprili inanyesha, nasi tuko mbele ya hoteli ndogo katika mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou, kusini mwa China.

Mama niliyeongozana naye anauza mitandio na vitambaa Kariakoo. Kiunoni, chini ya dera, alikuwa amefunga kibegi chenye dola elfu kadhaa, mtaji alioukusanya miezi minane. Alichomoa noti moja ya dola 100, akamnyooshea dereva. Dereva akatikisa kichwa. Mama akairudisha, akatoa nyingine, akidhani ile ya kwanza imekataliwa kwa sababu ni ya zamani, ya kichwa kidogo, kama inavyokataliwa kwenye maduka ya kubadilisha fedha kwetu. Dereva akatikisa kichwa tena, safari hii akiisogeza simu karibu zaidi.

Mimi nilikuwa na kadi ya benki. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam nilikuwa nimepakua aplikesheni ya Alipay na kuiandikisha kadi hiyo, nikaona nimemaliza kazi. Sasa benki yangu ilitaka kuthibitisha kwamba ni mimi ninayelipa, na namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini yangu ya nyumbani, laini ambayo sikuwa nimeiomba ifanye kazi nje ya nchi. Nilikaa naitazama simu. Ujumbe haukuja.

"Mwanangu, hivi pesa yangu ina ubaya gani?" mama akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Aliyetutoa pale ni kijana wa Kikongo aliyekuwa anafunga kiduka cha simu hatua chache kutoka hotelini. Alisikia Kiswahili, akaja, akainama dirishani. Tulipomweleza, hakusema neno. Alitoa simu yake, akaskani ule msimbo, simu ya dereva ikatamka kiasi kilichoingia kwa sauti ya kike, tukashusha mizigo. Kesho yake mama alipompelekea yuani zake na kutaka kumwongezea kidogo za asante, alikataa. "Mama, hata miye siku ya kwanza balinilipiaka," alisema. Alikuwa mtu wa Lubumbashi.

Nimelifikiria swali la mama kwa muda mrefu. Pesa yake haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa halali, safi, nyingi kuliko nauli mara nyingi. Ila ilikuwa pesa isiyopokelewa pale, saa ile, na mtu yule. Msafiri anaijua tofauti hiyo kwa mara ya kwanza ndani ya taksi. Dukani, pesa yako ikikataliwa, unaacha bidhaa unatoka. Hotelini mara nyingi umeshalipa kabla ya kufika. Kwenye taksi huduma umeshaila, kilomita 30 zimeshapita chini ya magurudumu, na mtu aliyekufikisha anasubiri haki yake. Huwezi kumrudishia safari. Ndiyo maana aibu yake ni kubwa, na ndiyo maana naona mambo ya taksi na malipo yanastahili kuzungumzwa kwa uzito uleule tunaozungumzia viza na chanjo ya homa ya manjano.

Aibu hiyo si mpya. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia baadaye safari yake ya China, iliyofanyika miaka ya 1340 (wapo wanahistoria wanaotilia shaka alifika umbali gani ndani ya nchi hiyo). Katika masimulizi yake anaeleza kwamba Wachina hawakufanya biashara kwa dinari wala dirhamu. Walitumia vipande vya karatasi, ukubwa wa kiganja, vyenye muhuri wa mfalme. Mtu akienda sokoni na sarafu yake ya fedha, anasema, haipokelewi na hakuna anayemjali mpaka aende akaibadilishe kuwa karatasi. Mji wa Guangzhou umo katika masimulizi hayo. Wakati ule huku pwani Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa matajiri wake. Mfanyabiashara wa Kilwa angeshuka bandarini kule na mfuko wa dhahabu, angesimama pale aliposimama mama yangu wa Kariakoo.

Nchi iliyoitangulia dunia katika noti za karatasi sasa iko mbele katika kuziacha. Alipay ilianza mwaka 2004 kwa kazi ndogo: kushika pesa za mnunuzi wa mtandaoni mpaka mzigo umfikie, ndipo muuzaji alipwe, maana watu wawili wasioonana hawaaminiani. WeChat ilikuja mwaka 2011 kama mahali pa kupiga soga, ikaongeza malipo mwaka 2013, na katika Mwaka Mpya wa Kichina wa 2014 ikawapa watu njia ya kutumiana kwa simu zile bahasha nyekundu za sikukuu ambazo wazee huwapa watoto. Familia ziliunganisha akaunti za benki na simu ili kupeana sikukuu. Sikukuu ilipokwisha, njia ya kulipia ilibaki mfukoni. Leo dereva wa taksi wa Guangzhou anaweza kumaliza siku nzima bila kushika noti.

Sisi si washamba wa jambo hili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, miaka kadhaa kabla ya WeChat kujua kulipa. Mama yule yule aliyekwama Xiaobei anapokea nusu ya mauzo yake kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani, na hawezi kukosea tarakimu hata gizani. Alipoketi kitandani usiku ule alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kumbe hivi ndivyo wanavyojisikia wateja wangu Wazambia na Wamalawi." Wale huja Kariakoo na dola, hawana laini ya Tanzania, na wakati mwingine msaidizi wa dukani huwaambia waende wakabadilishe kwanza. Pesa ya simu, kwetu na kwao, ni pesa ya mwenyeji. Imejengwa juu ya kitambulisho cha taifa, laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole au akaunti ya benki ya nchini. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo, na hakuna aliyekusudia kumwonea. Alisahaulika tu wakati wa kujenga.

China ilikuja kulitambua hilo. Julai 2023 Alipay na WeChat zilifungua mlango kwa kadi za Visa na Mastercard zinazotolewa nje ya nchi. Machi 2024 kiwango cha muamala mmoja kwa mgeni kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000, na kwa mwaka kutoka dola 10,000 hadi 50,000. Mwezi huohuo serikali ilitoa maelekezo kwamba wageni na wazee wapewe njia rahisi za kulipa, na benki zikaanza kutoa vifurushi vya noti ndogondogo. Wazee waliingizwa hapo kwa sababu nzuri: bibi wa Kichina asiye na simu janja alikuwa amekuwa mgeni katika mtaa aliozaliwa.

Kwa hiyo mwaka jana, tulipokwenda, njia ilikuwepo. Tuliikosa kwa kutojua mambo matatu, na nitayaeleza kama nilivyojifunza kwa taabu.

La kwanza nimeshaligusa: kadi inathibitishwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi unakwenda kwenye laini ya nyumbani. Iunganishe kadi ukiwa bado nyumbani, ifanyie malipo ya majaribio kama unaweza, kisha nenda kwa kampuni yako ya simu uwaambie unasafiri, laini ipokee ujumbe ukiwa nje. Iambie na benki pia. Benki nyingi zikiona kadi ya Dar es Salaam inalipa taksi China usiku wa manane, huifunga kwa nia njema kabisa, zikidhani imeibwa. Ukiwa na kadi ya simu, zile za Visa zinazotolewa kupitia pochi za mitandao kama ile iliyozinduliwa Kenya kwa M-Pesa mwaka 2022, hakikisha imewekwa salio la kutosha kabla ya safari, maana kuongeza salio ukiwa huko nako kunahitaji laini ifanye kazi.

La pili ni la ndani zaidi, nalo ndilo lililomkwamisha hata mwenzetu mmoja kutoka Mombasa ambaye kadi yake ilikuwa safi. Kadi ya nje iliyoingizwa kwenye aplikesheni hizo wakati ule ilikuwa ya kununulia tu. Haikuruhusu kumtumia mtu pesa, wala kugawa zile bahasha nyekundu. Sasa dereva wa taksi wakati mwingine anakuonyesha msimbo wake binafsi, wa jina lake, si ule wa kampuni uliobandikwa kwenye gari. Mwenyeji akiuskani, pesa inapita. Mgeni akiuskani, anaweza kuambiwa haiwezekani. Ukiona hivyo usianze kubishana. Onyesha kwa kidole ule msimbo uliobandikwa nyuma ya kiti au karibu na mita, na mara nyingi jambo linaisha.

La tatu ni makato. Malipo ya chini ya yuani 200 kwa kadi ya nje hayakukatwa kitu. Yakizidi hapo, ilikuwa asilimia 3. Nauli ya mjini haifiki huko, kwa hiyo taksi haikuumizi. Inayoumiza ni kulipia mzigo wa vitambaa kwa njia hiyohiyo kwa sababu umeizoea. Mama alifanya hesabu ya asilimia 3 ya mzigo wake kwenye karatasi, akaikunja karatasi, akasema mzigo atalipa kwa njia ya wakala wa mizigo kama kawaida na simu itabaki kwa taksi na chakula.

Sasa taksi zenyewe, maana hapa ndipo nilipoona uzuri wa mji ule.

Dar es Salaam na Nairobi tumekulia kwenye taksi ya kupatana. Unataja unakokwenda, dereva anataja bei, unashtuka, unapiga hatua mbili kuondoka, anakuita. Hata baada ya Uber kuingia Nairobi mwaka 2015 na Dar mwaka 2016, mdomo bado unafanya kazi nusu ya mji. Guangzhou mdomo hauna kazi. Taksi halali ina mita, na mita ndiyo inayosema. Tulipokuwa huko safari ilianzia yuani 12 kwa kilomita tatu za mwanzo, kisha yuani 2.60 kwa kila kilomita. Kwenye dashibodi kuna kibao chenye taa, kinachosomeka kwamba gari ni tupu. Abiria akishaketi, dereva anakilaza kibao kile kwa mkono, taa inazimika, na hapo ndipo mita inaanza kuhesabu. Nilijizoesha kuutazama mkono wa dereva. Ukilaza kibao, kaa kwa amani. Usipokilaza, fungua mlango ushuke mapema.

Jambo hili lilimsumbua sana mama, ambaye kupatana bei ni kazi aliyoifanya miaka 20 na anaiweza kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Siku ya pili, nje ya soko la nguo la Baima karibu na stesheni ya reli, alikuja mwanaume mwenye gari safi lisilo na mita, anajua maneno machache ya Kiingereza, akataja yuani 80. Mama akasema 40. Wakakutana kwenye 50, naye akapanda akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Safari hiyohiyo jioni, kwa mita, tulilipa 17. Wenyeji wanaziita zile gari nyeusi, hata kama rangi yake ni nyeupe, kwa maana kwamba hazina leseni. Yule anayekubali kupatana ndiye wa kumkimbia. Nilichelewa kumwambia, kwa sababu nami sikujua.

Kuna na mchezo wa noti, unaozungumzwa sana na wafanyabiashara wa Kiafrika wa Xiaobei na Sanyuanli. Unampa dereva yuani 100, noti kubwa kuliko zote China, anaipapasa kwa vidole, anakurudishia akisema ni bandia. Unampa nyingine, anakurudishia nayo. Ukifika hotelini unakuta noti zote mbili kweli ni bandia, kwa sababu zako zilibaki kwake na alizokupa ni za kwake. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kutoa noti kubwa, soma kwa sauti tarakimu tatu za mwisho za namba yake, kwa lugha yoyote. Haihitaji akuelewe. Inatosha aone kwamba umezisoma. Iliyo bora zaidi ni kutokuwa na noti ya 100 mkononi kabisa unapopanda taksi. Kuwa na za 20, za 10 na za 5.

Lakini nisiwapake matope watu wale kwa ajili ya wachache. Madereva tuliopanda nao, na tulipanda na wengi, walikuwa watu wa kazi. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa mji, wametoka mikoa mingine kutafuta maisha, na Kikantoni cha Guangzhou kilikuwa kigeni kwao pia. Kijana wa Lubumbashi alitufundisha kuwaita *shifu*. Neno hilo ni la heshima kwa mtu mwenye ujuzi wa kazi ya mikono, na nilipoelezwa maana yake nililipata papo hapo: ni fundi. Vile tunavyomwita "fundi" mtu wa cherehani, wa bomba na wa gari bila kuuliza jina lake, ndivyo wao wanavyomwita dereva. Mama alilipenda. Akawa anaingia kwenye gari na kusema "Shifu!" kama anavyomwita fundi wake wa nguo pale Kariakoo, na nyuso za madereva zikawa zinafunguka kwenye kioo.

Maneno mengine mawili yalitutosha wiki nzima. *Da biao*, washa mita. *Xianjin*, pesa taslimu, ukilitamka huku umeshika noti ili ajue mapema, kabla gari halijaondoka, kwamba utalipa kwa karatasi. Ukimwambia mwishoni umemvizia. Ukimwambia mwanzoni, kama hana chenji atakuonyesha kwa mkono, mtaachana kwa wema na utachukua gari la nyuma yake.

Unakokwenda usikitamke. Lugha ile ina toni, na sauti ikipanda pale inapotakiwa kushuka utapelekwa pengine. Chukua kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa herufi za Kichina, piga picha bango la soko, mwombe muuzaji akuandikie anwani kwenye karatasi. Ramani ya Google usiitegemee huko, haifanyi kazi kama tulivyoizoea. Wenyeji wanatumia Gaode. Kuna pia Didi, kampuni ya kuita magari iliyoanza mwaka 2012 na kuinunua biashara ya Uber nchini China mwaka 2016. Inapatikana ndani ya Alipay, ina sehemu ya Kiingereza, bei yake inaonekana kabla hujapanda na malipo yanakatwa yenyewe. Kwa mgeni ambaye kadi yake imeshakubali, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kwa mgeni ambaye kadi yake imegoma, Didi ni mlango mwingine uliofungwa.

Nilisema kuna uzuri. Siku ya nne mama alisahau mfuko kwenye taksi. Ndani yake mlikuwa na sampuli 14 za vitambaa na daftari lake la bei, daftari ambalo bila hilo safari nzima ilikuwa bure. Aligundua akiwa chumbani, akakaa chini. Sijawahi kumwona mtu mzima akinyamaza vile.

Kilichomwokoa ni karatasi. Mwisho wa safari dereva alikuwa amebonyeza kitufe, mashine ya mita ikatoa risiti ndefu, nyembamba, yenye wino hafifu. Wenyeji wanaiita *fapiao*. Mama, kwa mazoea ya biashara ya kutotupa risiti, alikuwa ameikunja na kuitia kwenye pochi. Binti wa mapokezi aliisoma kwa kidole: namba ya gari, saa tuliyopanda, saa tuliyoshuka, kilomita, kiasi. Akapiga simu kwenye kampuni iliyoandikwa juu yake. Baada ya saa moja na nusu taksi ileile ilisimama mlangoni. Dereva alishuka na mfuko ameukumbatia kwa mikono miwili, akaonyesha mita: aliiwasha kutoka alikokuwa mpaka pale, yuani 36. Mama alilipa kwa noti ndogo, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili, "Fundi, Mungu akulipe." Yule bwana hakuelewa neno, lakini aliinamisha kichwa.

Kama tungekuwa tumepanda lile gari jeusi la yuani 50, sampuli zile zingekuwa zimekwenda moja kwa moja. Ndiyo maana kila ninayemjua anayejiandaa kwa maonesho ya Canton, yale yanayofanyika Aprili na Oktoba tangu mwaka 1957, namwambia kwanza habari ya risiti, halafu ndiyo habari ya bei.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko kunakoniuma. Kwa sheria ya China, yuani ya karatasi ni fedha halali na hakuna mfanyabiashara anayeruhusiwa kuikataa. Benki Kuu yao ilitoa tangazo la wazi mwaka 2018 na imelirudia tangu hapo. Kama usiku ule mama angekuwa na yuani 120 za karatasi, dereva angezipokea. Tulipita mbele ya dirisha la kubadilisha fedha pale uwanja wa ndege wa Baiyun. Bei ilikuwa mbaya, foleni ndefu, tukasema tutabadilisha mjini. Kwa kuokoa shilingi elfu chache tulijiweka mikononi mwa huruma ya mtu tusiyemjua. Alikuwa mtu mwema. Hakulazimika kuwa.

Ninaporudi nyumbani na kutazama tunakokwenda sisi, napata wasiwasi. Kigali mabasi ya mjini yanapandwa kwa kadi ya Tap&Go tangu mwaka 2015, na mgeni anayetoka Bujumbura lazima kwanza aitafute kadi. Kenya ilijaribu kuondoa pesa taslimu kwenye matatu mwaka 2014, ikashindikana, lakini nia haijafa. Kwetu tiketi na huduma nyingi za umma zinahamia kwenye namba za malipo na kadi. Faida zake nazijua, na nazikubali: wizi unapungua, mapato hayapotei njiani, kondakta hagombani na abiria kwa chenji ya shilingi 200. Napinga jambo moja tu, nalo ni kuifunga kabisa njia ya noti. Mgonjwa aliyevuka kutoka Lubumbashi kuja kutibiwa Dar es Salaam, mwanafunzi kutoka Moroni aliyeshuka bandarini leo asubuhi, mzee wa Rufiji ambaye simu yake ni ya tochi, wote hao wana pesa. Wawe na haki ya kupanda gari na kulipa kwa pesa waliyo nayo. Wanaotunga kanuni za usafiri wetu waliandike hilo kwenye kanuni sasa, kabla hatujazoea kuishi bila noti, maana China imelazimika kurudi nyuma kuwatafuta watu iliowasahau, na kurudi nyuma ni ghali.

Mama wa Kariakoo amekwenda tena Guangzhou mara moja tangu safari ile, bila mimi. Alibadilisha yuani 500 pale pale uwanja wa ndege, akaomba apewe ndogondogo, akazitia kwenye bahasha peke yake. Nauli ya kwenda Xiaobei aliilipa mwenyewe, akapewa chenji na risiti. Kesho yake alikipitia kile kiduka cha simu na kilo mbili za korosho za Mtwara. Wewe unayekwenda Oktoba, tenga bahasha kama ile. Na ukishuka kwenye taksi, kabla hujafunga mlango, angalia kiti cha nyuma.